Kwaheri ya Mzee Toivo

Kazi ya kutoa nakala rudufu ya diski ilikwama tena saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwenye faili lile lile. Kompyuta ikaandika: muda wa kusubiri umekwisha, mawasiliano yamekatika.

Aila Koskela alijua faili hilo ni la nani. Alikuwa fundi wa kompyuta katika nyumba ya kuuguzia wasiotarajiwa kupona, hapa mjini Thunder Bay, ambako wagonjwa hurekodiwa wakiwaaga jamaa zao. Hilo lilikuwa la baba yake, Mzee Toivo, aliyekata roho mwaka uliopita, juu ghorofani, saa tisa na arobaini hiyo hiyo, huku binti yake akiwa chini akihangaika na mtambo huu huu. "Mwambieni nakuja," alisema siku ile, na hakwenda. Tangu hapo aibu ilimzuia kuisikiliza sauti ya mzee, na sasa diski yenyewe ilikuwa inagonga, inakufa.

"Liruke, chukua mengine," alisema Merv, mwenzake. "Waya tumebadilisha, swichi tumebadilisha. Utaota mvi hapo, dada."

"Nikiliruka ndiyo basi tena. Hii diski haifiki kesho."

Mafundi ndivyo walivyo: kitu kisipojibu, hukiongezea muda wa kujibu. Aila akatoa sekunde thelathini, akaweka dakika kumi. Dakika ya nne, chumba kisicho na dirisha kikajaa harufu ya tumbaku ya kiko na dawa ya kuchua, harufu ya Mzee Toivo.

"Merv, unanusa?"

"Nanusa," Merv alinong'ona, akichukua koti. "Zima, Aila. Huyo anayengojewa humjui."

Hakuzima. Alipobaki peke yake aliweka sifuri, yaani kusubiri bila kikomo, akakaa huku diski ikigonga taratibu kama kidole mlangoni, harufu ikisogea hadi nyuma ya shingo yake, mpaka kioo cha kompyuta kikaandika kwamba kazi imekamilika, naye akavaa vipokea sauti.

"Aila? Umefika?"

"Nimefika, baba. Nisamehe."

Kile kilichouliza kikacheka. Mzee Toivo hakucheka hivyo maisha yake yote.

Asubuhi diski ilikuwa imekufa, imebaki nakala. Mjane mmoja alikuja kusikiliza kwaheri ya mumewe. Hakumaliza hata dakika.

"Huyu si mume wangu," alisema polepole. "Nani Aila?"

Wakafungua faili la pili, la kumi, la mia. Kwaheri za watu mia mbili na zaidi, zote zimeliwa na sauti moja inayouliza kama Aila amefika. Na yale maneno ya baba yake, ambayo angeweza kuyasikiliza siku yoyote ya mwaka mzima, Aila hatayasikia kamwe.

"Chomoa waya," alisema Merv.

"Nimeuchomoa tangu alfajiri."

Wote wawili wakatazama kioo. Kiliandika: imeunganishwa, inasubiri.