Mikono Minne na Ngoma ya Ukoo

Siku ile ya ukungu, milimani Uluguru, hawa ndio waliokuwapo.

Bibi Bertila Kobelo alikuwapo, amekaa kitandani. Yeye ndiye mtunza ngoma ya ukoo.

Mjomba Kasiani Kobelo alikuwapo, amesimama mlangoni.

Bi Pelina Mzeru wa makumbusho alikuwapo, na begi lake jeusi.

Fausta, mjukuu wa Bibi, alikuwapo. Alikuwa na miaka sita.

Na ngoma ilikuwapo. Ndogo, kuukuu, inaning'inia darini.

Wadudu walikuwa wakiitafuna. Kru, kru, kru. Unga wa mti ukamwangukia Fausta begani.

"Itakwisha yote, Mjomba?"

"Yote."

Bi Pelina akatoa mashine. Ilikuwa ndogo kama pasi, yenye taa.

"Hii inapiga picha ya ngoma pande zote," akasema. "Ngoma ikiisha, umbo lake litabaki. Iwekeni mezani."

Bibi akatikisa kichwa. "Ngoma ya ukoo hailali chini. Hailali mezani. Ikishuka darini, hukaa mikononi mwetu."

Mjomba akaitungua ngoma, akampa Bibi.

Polepole, taa ikazunguka. Tii, tii, tii.

Mara mashine ikaguna. Buuu!

"Ngoma isitikisike, Bibi," akasema Bi Pelina.

Lakini mikono ya Bibi ilitetemeka. Bibi alikuwa mgonjwa.

"Sitetemeki," akasema Bibi. "Ninaicheza ngoma."

Hakuna aliyecheka.

"Nikusaidie, Bibi?" akauliza Fausta.

"Njoo, mke mwenzangu."

Fausta akaweka mikono yake chini ya mikono ya Bibi. Mikono ya Bibi ilikuwa ya baridi. Ngoma ikatulia.

Polepole, taa ikazunguka. Tii, tii, tii.

Ngoma ikatokea kwenye kioo cha mashine. Mikono minne ikatokea pia.

"Mikono nitaifuta," akasema Bi Pelina. "Makumbusho wanataka ngoma tu."

Fausta akaangua kilio. "Usiifute mikono ya Bibi! Ngoma itaanguka!"

Bi Pelina akaitazama ngoma. Akamtazama Bibi.

"Sitaifuta," akasema.

Alhamisi jioni, picha ikafika kwenye simu ya Mjomba. Ukungu ulikuwa umefunika nyumba. Fausta akapanda nayo kitandani kwa Bibi.

Akaizungusha ngoma ya kwenye simu kwa kidole. Mbele. Nyuma. Chini.

"Mke mwenzangu, kucha zako chafu!" akasema Bibi.

"Zako pia, Bibi!"

Wakacheka, mpaka Bibi akakohoa.

Darini, ngoma ilikorudishwa, wadudu wakatafuna. Kru, kru, kru.

Kwenye simu, mikono minne ilishika ngoma. Haikulala chini. Haikuanguka.

Fausta akalala, mkono wake ndani ya mkono wa Bibi.

Bibi Bertila Kobelo alifariki Ijumaa asubuhi.