Sahani za Watu wa Nyumbani

Kila alasiri Agnella alitoka shuleni, akampitia mdogo wake Beatus kwa jirani yao Mama Sumayya, kisha akafungua mlango wa nyumba yao ya Mlabani, Ifakara. Ndani hakukuwa na mtu wa kuwaitikia. Baba na mama walikuwa shambani Michenga wakiamia ndege wasimalize mpunga, na wangerudi baada ya mavuno. Mama Sumayya aliwachungulia asubuhi na jioni, lakini katikati ya hapo nyumba ilikuwa kimya mno. Agnella alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mpweke.

Kabla ya kuondoka, mama alimwomba jambo moja: amfundishe Beatus kuhesabu, maana mwakani angeanza darasa la kwanza. Agnella aliahidi. Tatizo ni kwamba Beatus aliziimba namba mpaka kumi kwa mbwembwe zote, lakini ukimwambia alete viazi vitatu, anakuletea kapu zima. Agnella akajifanya mwalimu mkali. Alichora namba ukutani kwa mkaa, akashika fimbo, na kwa kila kosa akagonga meza. Wiki haikuisha, Beatus akaacha kuimba. Kisha akaacha kabisa kuzungumza na dada yake. Sasa Agnella alikuwa peke yake kweli kweli.

Siku moja alikwenda kuomba chumvi. Baada ya shikamoo alimweleza Mama Sumayya kwamba Beatus ana kichwa kizito, hata fimbo haisaidii. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza kama siku hizi anacheza mdako, ule mchezo wa kokoto. Agnella akajibu kwamba hana wa kucheza naye.

"Unaye," alisema Mama Sumayya. "Hiyo fimbo kaiwashie moto jikoni."

Agnella alichimba kishimo uani, akakijaza kokoto. Akarusha kete juu, akachota kokoto moja, akaidaka kete kabla haijaanguka. Beatus alisogea taratibu. Aliporusha yeye, kete ilimwangukia puani, wakacheka wote wawili. Tangu hapo walicheza kila jioni, kokoto mojamoja, kisha mbilimbili, huku Beatus akigusa kila aliyoichota na kuitaja namba yake. Sauti yake ikarudi.

Jioni moja wali ulipoiva, Agnella alimtuma Beatus alete sahani za watu wa nyumbani. Akaleta nne, na wao walikuwa wawili tu. Hasira zilimpanda Agnella, akaona kazi yote imekwenda bure. Mama Sumayya alikuwa amekuja kuwajulia hali. Alimwashiria anyamaze, akamwuliza mtoto sahani hizo ni za nani.

Beatus alizigusa mojamoja. "Moja, ya baba. Mbili, ya mama. Tatu, ya dada. Nne, yangu."

Agnella akalia. Kumbe mdogo wake naye alikuwa akiwakumbuka wazazi, na yeye hakuwahi kumwuliza.

"Hajakosea," Mama Sumayya alimwambia. "Mtoto hajifunzi kwa kutishwa, mwanangu. Cheza naye, na umwulize anahesabu nini kabla hujasema amekosa. Ahadi uliyompa mama yako umeitimiza."

Kisha akavuta kigoda, akaketi. "Beatus, leo na mimi nakula hapa. Ongeza sahani yangu. Zitakuwa ngapi?"

Beatus alikwenda kabatini, akarudi, akaiweka kando ya zile nyingine.

"Tano," alisema.