Vidole vya Anis

"Mchoma watoto wewe! Lete mjukuu wangu hapa!"

Huyo ni mama mkwe wangu, Bi Shedlia, anampokonya mwanangu Anis mikononi mwangu. Mlangoni majirani wamejaa, shingo zimewatoka kama bata.

Nikamgeukia mume wangu.

"Mongi, sema kitu basi! Si unanijua mimi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Mama Anis... nenda kwenu kwanza siku mbili tatu. Mtoto abaki."

Jamani! Mchana kweupe nikatolewa nyumbani kwangu kama mwizi, huku Anis analia "mamaaa!" hadi sauti inakauka.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Naitwa Raudha, naishi hapa Sfax, Tunisia. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hoteli. Dawa za kung'arishia nguo ndizo zinazonilisha, na mikono yangu hubabuka kila baridi ikiingia. Nimezoea.

Sasa msimu wa kuvuna zeituni, Anis akashikwa na homa. Ana miaka mitatu tu.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu... homa iko palepale!

"Ni jicho la watu hilo," akasema Bi Shedlia. Akafukiza ubani nyumba nzima.

Siku ya tano macho yamekuwa mekundu, midomo imepasuka, ulimi mwekundu una vipele, viganja vimevimba. Nikaomba ruhusa kazini, wakaninyima. Siku ya sita Mongi akampeleka zahanati ya mtaani.

Akarudi na dawa ya maji.

"Daktari kasemaje?"

"Homa tu. Itapita."

Nikamwamini. Ni baba yake bwana!

Na kweli, baada ya siku kama kumi homa ikaondoka. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni!

Siku chache baadaye namkata kucha, naona ngozi inaachia pembeni ya ukucha. Kesho yake vidole vyote. Halafu vya miguuni, inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Nikadhani ni baridi. Nikampaka mafuta ya zeituni.

Bi Shedlia alipoona, akapiga mayowe.

"Kamwogesha na madawa yake ya hotelini! Tazameni mikono yake yeye mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipofukuzwa.

Kwa mama yangu sikulala, sikula. Kilichonitesha zaidi unajua nini? Nilianza kujitilia shaka. Labda ni mimi? Labda nguo zangu za kazi?

Siku ya tatu nikaenda hospitali kubwa, peke yangu, na picha za vidole vya Anis kwenye simu. Nikampata daktari wa watoto, Dk. Nejla, nikamweleza ninavyoshutumiwa.

Akatazama picha moja moja.

"Kabla ya hapa aliumwa homa?"

"Ndiyo, dada. Siku kama kumi."

"Macho mekundu? Ulimi?"

"Umejuaje?!"

Akasimama.

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani, na bibi yake."

"Mlete leo. Leo, umenisikia?"

Nilikimbia mtaa mzima kandambili mkononi! Bi Shedlia akasimama mlangoni.

"Humgusi!"

"Sawa mama, simgusi. Mbebe wewe mwenyewe. Ila twende!"

Sijui aliona nini usoni mwangu. Akambeba, na Mongi akafuata nyuma.

Hospitalini wakampima moyo. Dk. Nejla akatuita.

"Mama huyu hajamchoma mtoto. Kuna ugonjwa unaowashika watoto wadogo, unaanza na homa isiyoshuka. Ngozi ya vidole hubanduka mwishoni. Na ukichelewa kutibiwa, unaweza kuharibu mishipa ya moyo." Akatuonyesha picha ya moyo. "Mshipa mmoja wa Anis umevimba."

Sikulia. Nilikaa tu.

"Wakati wa homa nani alimwona?" akauliza.

Nikamtajia zahanati. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Namkumbuka," yule daktari wa zahanati akasema. "Nilimwandikia baba yake barua. Nikamwambia, mpeleke hospitali kubwa leo hii."

Wote tukamgeukia Mongi.

"Barua iko wapi?" Bi Shedlia akauliza polepole.

"Mama... ilikuwa zamu yetu kinuni, kukamua mafuta. Zeituni zingeharibika. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho tena. Halafu homa ikapungua..."

"Na mkeo nilipomwita mchoma watoto, wewe unajua yote haya?"

Mongi akaangalia viatu vyake tena.

Bi Shedlia akaja mbele yangu. Akaniwekea Anis mapajani.

"Chukua mwanao. Mimi sina uso wa kukutazama."

Leo Anis yuko hai, alhamdulillah. Anameza kidonge kila asubuhi, na kila baada ya miezi michache anapimwa moyo. Watoto wa majirani wakitoka kucheza mpira, yeye anakaa kizingitini anahesabu magoli yao.

Mongi anaomba msamaha kila wiki. Uzembe ningemsamehe. Lakini alinitazama natolewa nje, akaangalia viatu... hapo moyo wangu umegoma kabisa. Na bado nampenda, msinicheke.

Ndugu zangu, ngozi ya vidole inabanduka kwa mambo mengi. Baridi, sabuni kali, fangasi, mzio. Mara nyingi si kitu cha kutisha. Msimhukumu mtu kwa ngozi. Ila ikija baada ya homa kali ya mtoto, muone daktari.

Na kama mwanao ana homa siku ya tano sasa, umemlaza pembeni huku unasoma hapa...

Acha kusoma. Mbebe, nenda!