Miwani ya Miaka Mia Nane

Saa tatu asubuhi mageti yalipofunguliwa, hekalu la Phu Keo lilisimama upya. Nguzo zilizoanguka ziliinuka, mizizi iliyokumbatia kuta ikatoweka, na mnara uliobomoka karne nyingi zilizopita ukang'aa dhahabu. Wageni mia tatu waliovaa miwanikale waliyopewa getini walishangilia.

Miwanikale ilikuwa kazi ya Mhandisi Kalunde Mihayo, mzaliwa wa Tabora, aliyeajiriwa na jimbo hili la kusini mwa Laos kuvutia watalii. Ndani yake mlikuwa na chujio la umri. Akili mnemba ilikadiria umri wa kila kilichokuwa mbele ya macho, ikafuta chochote kisichofikisha miaka mia nane, kisha ikachora mahali pake mandhari ya enzi hizo. Nyaya zilifutwa, vyoo vilifutwa. Maporomoko ya maji nyuma ya hekalu yaliachwa, maana hata akili mnemba ilishindwa kuyakisia umri. Wageni walionana wao kwa wao kwa sababu kila miwani iliitambua nyingine na kumvika aliyeivaa mavazi ya kale. Kalunde alijivunia kazi yake, na tusimlaumu, ilikuwa nzuri kweli. Mwenyewe aliivaa kila asubuhi tangu getini, akaivua akifika ofisini.

Siku hiyo, kabla ya saa sita, mwanamke mtu mzima aliingia chumba cha mitambo. Alivua viatu mlangoni, akaunganisha viganja kifuani kama ilivyo desturi ya kwao, akakaa sakafuni. Kupitia kitafsiri cha sikioni, Kalunde alimsikia akijitambulisha: Chanthone, mfagiaji wa ngazi.

Alieleza taratibu. Binti yake Noy, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa amerudi asubuhi hiyo baada ya miaka sita. Basi lilimshusha getini moja kwa moja, naye mama akamsubiri ngazini, ufagio mkononi. Noy akampita. Mama akamwita, hakugeuka. Noy alishuka tena, akampita mara ya pili, karibu kabisa, na hakuinama. Kwa watu wa huku, kumpita mzazi bila kuinama ni kumwambia hadharani kwamba humtambui.

“Mwanangu, wewe umesoma,” alisema Chanthone. “Hivi mtoto akishaiona dunia, anauonea aibu ufagio wa mama yake?”

Kalunde alitaka kumfariji, ila kuna wazo lilimchoma. Alimwomba mama arudi ngazini asimame palepale. Kisha akavaa miwanikale na kuchungulia dirishani. Ngazi zilimeremeta, wageni wakipanda na kushuka, lakini mama hakuwepo. Akavua, yupo. Akavaa, hayupo. Kila aliyemkaribia alisogea pembeni kidogo bila kujua, kwa kuwa miwani ilimtekenya sikio asijigonge. Sauti ya mama nayo ilikuwa ikifutwa na miwani hiyo hiyo, pamoja na ngurumo za pikipiki na kila sauti ya siku hizi.

Lilikuwa kosa la mtu mwenye haraka. Wakati wa majaribio wasaidizi wake wote walivaa miwani, na Kalunde hakujiuliza ingemfanya nini mtu asiye nayo. Chanthone alikuwa na miaka sitini na miwili. Chujio lilitaka mia nane.

Gavana alikuwa pale chini na wageni wake mashuhuri, na alasiri ile mkataba wa Kalunde ulikuwa usainiwe upya. Kalunde aliweka mkono juu ya swichi kuu, akaogopa, tusifiche. Kisha akaizima.

Dhahabu ikapotea. Mizizi na mawe yaliyomeguka vikarudi, na wageni mia tatu wakaanza kulalamika kwa lugha zao zote. Katikati ya ngazi Noy alivua miwani, akageuka, akamwona mwanamke mwenye ufagio hatua mbili kutoka alipo. Akapiga magoti juu ya jiwe.

“Mama, ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa,” alisema Chanthone. “Nilikuwa nafagia.”

Kalunde alitoka nje bila miwani, simu ya gavana ikiita mfukoni. Karibu na mlango wa ofisi mzee mmoja alikuwa aking'oa magugu kati ya mawe. Aliunganisha viganja kumsalimu, na Kalunde akaunganisha vyake. Mzee akatabasamu, akasema alikuwa amemsalimu hivyo kila asubuhi kwa miezi miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza kuitikiwa.

Kalunde alichutama kando yake, akamwuliza jina.