Sijambo ya Bibi Bimdogo

Bi Zaina, jirani wa nyumba ya tatu, alisema habari hii hakuiokota njiani. Alisimuliwa na wifi yake wa Mlingotini, tena kwa kiapo. Wifi huyo alilazwa hospitali, manesi wakamletea kidude kama kibanio cha nguo, wakambana nacho kidoleni. Kidude kikawaka taa nyekundu.

"Na ile taa, Bimdogo, si taa," alisema Bi Zaina. "Ile ni damu. Kinanyonya kidogo kidogo, mwenyewe husikii. Wifi yangu alitoka pale mweupe kama muhogo uliomenywa! Halafu wana makaratasi yao, wanakuandika. Wanaita utafiti. Utafiti ndiyo nini kama si kumjaribu mtu?"

Bibi Bimdogo alicheka. Kicheko chake kilijulikana mtaa mzima. Kilianza chini taratibu, kikapanda, kikaishia kwa makofi mawili.

"Wifi yako alizaliwa mweupe, Zaina. Usimsingizie nesi."

Wahida, mjukuu wake, alikuwa akiosha vyombo uani, naye akacheka. Alikuwa darasa la sita, na ulikuwa wakati wa likizo. Kila asubuhi alifagia uwanja, akamtilia Bibi maji ya kutawadha, kisha akamsaidia mama yake, Hajra, kuchoma vitumbua vya kuuza. Bibi alipenda kumtania. Alimwita "mke mwenzangu", kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na wakigombana, waligombania babu ambaye amekufa zamani.

Lakini Bibi alikuwa na ugonjwa. Kitovuni pake palitokeza uvimbe, ngiri, naye aliubana kwa kanga miaka miwili bila kumwambia mtu. Ulipoanza kumkata kwa maumivu, Hajra akampeleka hospitali. Daktari akasema apasuliwe kabla utumbo haujanasa humo.

Akalazwa Jumatatu. Jioni hiyo, nesi aitwaye Gertruda, mtu wa Mahenge mwenye sauti ya upole, alikuja kitandani na kadi mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, tunafanya utafiti. Mgonjwa akishapasuliwa, sisi manesi tunampima kila baada ya saa nne. Sasa tunataka kujua: ndugu yake akifundishwa kumwangalia kila saa moja, je, tatizo litaonekana mapema zaidi? Si lazima mkubali. Mkikataa, matibabu ni yaleyale."

Bibi akamtazama. "Na kile kidude cha kunyonya damu?"

Gertruda hakucheka. Alikitoa mfukoni, akajibana kidole chake mwenyewe. Taa ikawaka, ikatokea namba tisini na nane. Akambana Wahida, aliyesimama na mama yake kando ya kitanda. Tisini na tisa.

"Kinapima hewa iliyomo kwenye damu, Bibi. Kinasoma tu."

"Haya," alisema Bibi. "Kama ni kunyonya, kimeanza na mwenyewe."

Hajra akatia sahihi. Yeye ndiye aliyekuwa msaidizi, na Wahida akaambiwa awe macho ya mama yake anapotoka. Gertruda akawafundisha wote wawili. Unatazama saa ya ukutani, unatazama kifua cha mgonjwa. Kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Unahesabu dakika nzima, unaandika kwenye kisanduku cha saa hiyo. Kuanzia pumzi ishirini na tano kwenda juu, kisanduku ni chekundu, unamwita nesi hapohapo. Chini ya kadi kulikuwa na sura tatu za maumivu: inayocheka, iliyonuna, inayolia.

Jumanne Bibi akapasuliwa, na Jumatano mambo yalikwenda vizuri. Wahida alihesabu kwa makini, midomo ikimchezacheza. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na tisa. Gertruda akamsifu.

Alhamisi asubuhi Hajra alirudi nyumbani kupika uji na kufua. Saa tatu Wahida alichukua kadi, akamuuliza Bibi kama alivyozoea, "Bibi, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Wahida akaweka alama kwenye sura inayocheka. Kisha akatazama saa, akaanza. Moja, mbili, tatu...

"Wee mke mwenzangu," Bibi akamkatiza, macho yakiwa yamefumba. "Unanihesabu kama kuku wa kupelekwa sokoni! Si nimekwambia sijambo? Andika kumi na nane kama jana, uniache nilale. Kesho Ijumaa nataka niwe kwangu."

Bibi ni Bibi, na mkubwa hapingwi. Wahida akaandika kumi na nane.

Saa nne aliandika kumi na nane tena, hata bila kuuliza. Saa tano alikuwa anasuka nywele za mtoto wa kitanda cha pili. Alikumbuka kadi, akaiandikia palepale kumi na nane, akarudi kwenye nywele. Ukiitazama ile kadi ilipendeza, namba zimekaa sawasawa kama shanga.

Karibu na saa sita Bi Zaina aliingia wodini na chupa ya chai. Alikaa kwenye kiti polepole, mkono ukiwa ubavuni, akapumua.

"Hujambo, Bimdogo?"

"Sijambo, shoga yangu."

"Hawajakunyonya?"

"Bado."

Hapo Bi Zaina akaanza kusimulia. Alisema jogoo wake aliingia msikitini wakati wa adhana, muadhini akamfukuza, jogoo akapanda juu akawika, na mzee mmoja mwenye usingizi akaamka akasema, "Leo adhana fupi." Wodi nzima ilicheka. Hata mgonjwa wa kona, ambaye hakusema neno tangu juzi, alicheka.

Bibi Bimdogo hakucheka.

Wahida aliacha nywele. Alimtazama Bibi vizuri, kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Kinywa kilitabasamu, ndiyo. Lakini ncha ya kanga ilikuwa katikati ya meno, na vidole vimeshika shuka vikakaza. Kifua kilikwenda haraka haraka na kwa juu juu tu, kama cha kifaranga aliyeshikwa.

Akatazama saa ya ukutani. Akahesabu dakika nzima. Ishirini na tisa. Akadhani amekosea, akahesabu tena. Thelathini.

Akaichukua kadi. Kisanduku cha saa sita kilikuwa kitupu, na nyuma yake kumi na nane tatu zimesimama zikimtazama. Akiandika thelathini, kila mtu atajua. Asipoandika, je?

"Mke mwenzangu," Bibi alinong'ona, neno moja moja. "Usinitie aibu mbele ya watu. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo. Hata kama kichwa umekishika mkononi."

Wahida akaandika thelathini, akasimama. Akaenda mpaka kwenye meza ya manesi.

"Sista, Bibi ana pumzi thelathini."

Gertruda aliinuka palepale. Alimfikia Bibi, akambana kile kidude kidoleni, akamshika kipaji cha uso. Palikuwa pa moto. Namba zikatokea: themanini na nane. Akamwita Daktari Tarcis, akamwekea Bibi oksijeni puani. Daktari alipofika aliichukua kadi.

"Saa tano kumi na nane, saa sita thelathini," alisema. "Hii imekuja ghafla. Ikija ghafla hivi tunaogopa donge la damu limekwenda kwenye mapafu. Itabidi tumkimbize Dar es Salaam sasa hivi." Akamgeukia Wahida. "Wewe ndiye uliyehesabu?"

Wahida aligeuza macho wodini. Bi Zaina alikuwepo. Mama wa yule mtoto wa nywele alikuwepo. Na Bibi alimtazama, ile oksijeni ikilia sss, sss.

"Daktari, hiyo ya saa sita ni kweli," alisema. "Hizo tatu za nyuma sikuhesabu. Niliandika tu. Na ile sura inayocheka... Bibi alisema hajambo, lakini tangu asubuhi alikuwa hataki kugeuka. Maji ya kunywa pia alikataa, kwa sababu akinywa anakohoa, na akikohoa anashika tumbo."

Alianza kulia. Daktari hakumgombeza. Aliinama, akaweka kipimo chake mgongoni kwa Bibi, akasikiliza huku na huku, tena akasikiliza.

"Tangu asubuhi," alisema taratibu. "Basi hilo ni jingine. Bibi, mshono unauma ukivuta pumzi?"

Bibi akamtazama Gertruda, akamtazama Bi Zaina, akatazama dari.

"Sijam..." alianza. Kisha akafumba macho. "Unauma, mwanangu. Unauma kama moto tangu jana usiku."

Wakampiga eksirei, ikaonyesha lile alilolisikia daktari. Maumivu yalimfanya Bibi aogope kuvuta pumzi ndefu na aogope kukohoa. Mapafu yakakosa hewa upande wa chini, makohozi yakatuama, homa ikaanza. Hakukuwa na safari ya Dar es Salaam. Alipewa dawa ya maumivu ya kutosha na dawa ya kuua vijidudu, akakalishwa wima. Gertruda alimfundisha kukumbatia mto tumboni, avute pumzi ndefu na kukohoa bila kuogopa mshono.

Bi Zaina hakwenda nyumbani. Alikaa pale anakichungulia kile kidude kidoleni kwa shoga yake. Themanini na nane ikawa tisini na moja. Alasiri ikawa tisini na tano.

"Mh," alisema mwishowe. "Kumbe kinasoma kweli."

Wahida alijificha nyuma ya pazia la dirisha. Gertruda alimfuata na ile kadi, akakaa naye. Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya zile kumi na nane tatu, akaandika pembeni: hazikuhesabiwa.

"Sista, nimeharibu utafiti wenu?"

"Ungeuharibu kama ungenyamaza," alisema Gertruda. "Sikiliza, mdogo wangu. Kisanduku kitupu kinaniambia 'sijui'. Nikiona sijui, ninainuka nikaangalie. Lakini kisanduku cha uongo kinaniambia 'kaa tu, Gertruda, kunywa chai'. Afadhali uniachie kitupu mara kumi. Leo ulikosea mara tatu, ukasema kweli mara moja, na hiyo moja imemzuilia bibi yako safari ndefu ya gari akiwa hana pumzi, ikatupeleka kwenye dawa yake. Kusema 'sikuhesabu' mbele ya watu si jambo jepesi. Wapo wakubwa wanaolishindwa."

Kisha akainama karibu zaidi. "Na mimi nimekosea. Saa mbili nilipita nikamuuliza 'Bibi, hujambo?', akasema sijambo, nikaandika hana maumivu. Salamu si kipimo. Nitawaambia wenzangu tulibadilishe swali. Tutamwambia mgonjwa, 'Kohoa nikuone.'"

Bibi aliyasikia yote kutoka kitandani. Alimwita Wahida kwa kidole, kile chenye kidude.

"Mke mwenzangu."

"Abee, Bibi."

"Nilikufundisha adabu, nikakufundisha na uongo humohumo. Jirani akiniuliza hali nitamjibu sijambo, ndiyo desturi. Anayenitibu atajibiwa na tumbo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, hesabu. Usinipunje."

Wahida akahesabu dakika nzima. Ishirini na mbili. Akaandika ishirini na mbili.

Bibi hakutoka Ijumaa kama alivyotaka. Alitoka Jumatano iliyofuata, na mtaa ulijua amerudi kwa sababu kicheko chake kilisikika kabla bajaji haijasimama. Kilikuwa bado kifupi, na kofi lilikuwa moja tu kwa ajili ya mshono, lakini kilikuwa chenyewe.

Asubuhi moja wiki ileile Wahida alikuwa akifagia uwanja. Bi Zaina alipita na kapu la samaki, akasimama kupumzika penye ngazi ya baraza. Mkono wake ulikuwa palepale ubavuni.

"Shikamoo, Bi Zaina. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu, sijambo sana."

Wahida aliacha kufagia. Alimtazama usoni, kisha akautazama ule mkono. Alitazama bila haraka, kama alivyozoea kutazama saa ya wodini. Bi Zaina akageuza uso, akautazama mlango uliokuwa wazi, akapunguza sauti.

"Wewe mtoto una macho wewe. Haya, nikwambie. Lile la bibi yako na mimi ninalo. Hapa. Mwaka wa tatu huu, ninalibana na kanga. Siku mbili hizi limekuwa gumu, halirudi ndani." Alimshika Wahida mkono, na kiganja chake kilikuwa na jasho baridi. "Nakuomba, mwanangu. Usimwambie mtu. Hata bibi yako usimwambie."

Wahida alisimama na ufagio, akakumbuka alivyosema daktari kuhusu utumbo kunasa.

Kutoka ndani sauti ya Bibi Bimdogo ikaita, "Mke mwenzangu! Unazungumza na nani huko nje? Ni Zaina? Hajambo?"