Kompyuta Iliyonguruma

Nyumbani kwetu Kambarage, siku huanza kwa sauti ya Baba. Akiomba chumvi, jirani wa tatu anasikia. Si kwamba ana hasira. Ni masikio yake. Kwa miaka mingi ameendesha karasha kule Runzewe, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na karasha haimbembelezi mtu.

"Raudha! Chai yangu iko wapi?"

"Iko mbele yako, Baba."

"Nini?"

"Iko mbele yako!" Mama alidakia kutoka jikoni. "Mwanangu, paza sauti. Huyu ukimnong'oneza unaongea na ukuta."

Mimi sina sauti kubwa. Mbele ya watu hata kusalimia kunanitoa jasho. Lakini nyuma ya pazia la chumbani, kaka yangu Feisal akipiga kinanda chake kidogo, naimba. Tuliwahi kwenda studio moja ya mjini. Vijana walikuwa wamejaa kwenye kochi, wote wananitazama. Tukarudi bila wimbo. Ndipo Feisal aliposema tutafute kompyuta yetu wenyewe, turekodi hapa hapa nyumbani.

Baba alikubali, ila kwa sharti.

"Mama Safiya wa mtaa wetu ameomba wimbo wa harusi ya binti yake," alisema. "Mkiutengeneza ukampendeza, Feisal abaki na muziki wake. Mkishindwa, Ijumaa naondoka naye. Karasha inahitaji mtu."

Feisal alinitazama. Niliwaza tu: Feisal akienda, nitaimba na nani?

Tulikwenda dukani, Baba, Feisal na mimi. Muuzaji aliitwa Stanslaus. Alitukaribisha vizuri akauliza, "Mnataka kompyuta ya kazi gani?"

"Kazi nzito!" Baba alijibu.

Feisal alifungua mdomo, lakini Baba alikuwa ameshasogea kwenye meza nyingine. Stanslaus akaanza kutaja vitu: prosesa, RAM, SSD, kadi ya picha. Maneno yalinipita kama malori kwenye barabara ya vumbi. Nilitaka kuuliza RAM ni kitu gani. Nikaangalia viatu vyangu.

Baba alichagua kwa njia anayoijua. Kila kompyuta aliinyanyua kupima uzito. Kisha aliibandika kiganja ubavuni. Alifika kwenye moja nyeusi, ya kawaida, haina mapambo.

"Hii imekufa?"

"Imewaka, mzee."

"Imewaka wapi? Mashine isiyonguruma haina nguvu."

Akaenda kwenye kubwa yenye ubavu wa kioo. Ndani yake ziliwaka taa nyekundu na za bluu, na feni kubwa zilikuwa zinazunguka. Ilinguruma hadi Baba akaisikia. Akatabasamu.

"Hii ndiyo mashine!"

Tukaibeba.

Tulianza kurekodi siku hiyo hiyo. Maiki ilikuwa mezani, na kompyuta kando yake. Niliimba: *Ingia bibi harusi, mlango umekuona.* Feisal akaongeza ngoma, kinanda na makofi. Kila alipoongeza kitu, kompyuta ilikwama, kisha ikaendelea, kisha ikakwama tena.

"Kubwa hivi, halafu inakwama?" alishangaa.

Hata hivyo tulimtumia Mama Safiya wimbo kwa simu. Alikuja mwenyewe kutujibu.

"Raudha, sauti yako tamu. Lakini nyuma yake kuna kitu kinasaga. Mwanangu ataingia ukumbini au kwenye mashine ya kukoboa?"

Alitupa muda hadi Alhamisi.

Tulichanganyikiwa. Tulizima friji. Tukaziba dirisha kwa godoro. Mama alimhamisha kuku wake aliyekuwa anaatamia chini ya dirisha, na kuku akatulaani mchana kutwa. Feisal alibadilisha waya, akabadilisha hadi soketi ya umeme. Tulirekodi tena. Kile kitu bado kilikuwa kinasaga.

"Labda ni koo langu," nilimwambia Feisal.

"Koo haliwezi kusaga."

"Sasa ni nini?"

Feisal akaanza kukunja nguo zake za kwenda nazo Runzewe.

Mama hakuvumilia kuona hivyo. Alikwenda kumwita Bhoke, jirani yetu, fundi wa sauti katika redio moja ya mjini.

"Shikamoo, mzee," Bhoke alimsalimia Baba.

"Marahaba! Umekuja kuuona mtambo wetu?"

"Nimekuja kuusikia."

Aliketi, akavaa hedifoni. "Raudha, usiimbe. Na ninyi wote, nyamazeni."

Akarekodi ukimya wetu. Kisha akamvisha Baba zile hedifoni, akaongeza sauti. Baba aligeuka haraka akatazama mlangoni.

"Nani amewasha karasha?"

Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Karasha ni hii hapa, mzee," Bhoke alisema, akiigusa kompyuta. "Ni feni zake. Maiki haichagui. Inachukua sauti ya Raudha, na feni nazo inazichukua."

"Lakini mngurumo ndiyo nguvu," Baba alisema.

"Feni zinapooza tu joto. Kazi inafanywa na prosesa."

Baba alifikiri. "Kwa hiyo prosesa ndiyo mota?"

"Ndiyo."

"Na hii RAM?"

"Ni uwanja wa kumwagia mawe kabla hayajasagwa. Uwanja ukiwa mdogo, mota inasubiri. Ngoma, kinanda na sauti, vyote vinataka nafasi hapo. Hii ina RAM ya GB nne tu. Ndiyo maana inakwama. Kwa muziki tafuteni nane, na kumi na sita ni bora zaidi."

"Na SSD?" niliuliza. Sauti ilinitoka kabla sijaizuia.

"Ni stoo, Raudha. Nyimbo zinakaa humo. Zipo stoo za aina ya zamani, zinazozunguka na kukwaruza. SSD haina kinachozunguka. Ni ya haraka, na haina kelele."

"Basi thamani ya hii iko wapi?" Baba aliuliza.

"Kwenye kadi ya picha. Hiyo ni ya gemu na video. Muziki hauihitaji sana."

Baba alijishika shavu. "Kumbe nimeleta kreni kubeba yai."

Bhoke alituambia tuirudishe mapema, ikiwa bado mpya. Alisema tukifika dukani, kwanza tuseme ni ya kazi gani. Kisha iwashwe, tuisikilize.

Kesho yake Stanslaus alituona akashangaa. "Mzee, imeharibika?"

"Ni nzima. Sisi ndio tuliopotea."

"Vijana wa gemu wananiuliza kila siku kompyuta kama hii. Nitawabadilishia. Haya, mnataka ya kazi gani?"

Baba alinitazama mimi. Feisal naye alinitazama. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Ya kurekodi sauti yangu," nilisema. "Itakaa chumba kimoja na maiki. Tunataka iliyo kimya. RAM kumi na sita, kama ipo. Na stoo... yaani SSD."

Stanslaus alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyeusi, ile ambayo Baba alidhani imekufa.

"Hii ina vyote," alisema.

Nyumbani, Bhoke alitusaidia kuipanga. Tuliiweka chini ya meza juu ya blanketi lililokunjwa, ila ubavu wake tuliuacha wazi ipate hewa. Maiki tuliisogeza mbali, ikaipa kompyuta mgongo. Bhoke akatuazima kisanduku kidogo kinachoitwa kadi ya sauti. Maiki inachomekwa humo, na sauti inaingia safi.

"Washeni basi!" Baba alisema.

"Imewaka, Baba," Feisal alijibu.

Niliingia nyuma ya pazia. Niliimba. Ngoma ziliongezwa, kinanda, makofi. Haikukwama. Tulipomaliza, Baba alivaa hedifoni. Alisikiliza wimbo wote akiwa amefumba macho.

"Huyu mwimbaji mmemtoa wapi?"

"Ni Raudha," Mama alisema.

Baba alivua hedifoni taratibu.

"Raudha? Anaimba hivi humu ndani siku zote?"

"Siku zote, Baba Feisal. Masikio yako umeyaacha Runzewe."

Hakucheka. Alizivaa tena, akaomba wimbo urudiwe.

Alhamisi Mama Safiya aliusikiliza akiwa amesimama mlangoni kwetu. Ulipofika mwisho alikuwa amekaa. "Dada yangu anamwozesha binti yake mwezi ujao," alisema. "Nitamleta kwenu."

Ijumaa asubuhi Baba aliondoka peke yake. Begini mwake Bhoke alikuwa ameweka vizuia kelele vya kuvaa masikioni. "Masikio hayana spea, mzee," alimwambia. Na Baba aliahidi kuvivaa kila karasha itakapowashwa, ili usikivu uliobaki aulinde.

Mlangoni aliniinamia, akaninong'oneza kwaheri.

Jirani wa tatu aliitikia, "Safari njema, Mzee Shaaban!"