Barua ya Pili

Rafiki yangu, fundi wa programu, alibaki ofisini Jumamosi mchana, kwenye chumba kisicho na dirisha, kuendesha majaribio ya mfumo wa kutuma barua pepe. Barua za majaribio hunaswa ndani ya kompyuta ileile, haziendi popote. Alitarajia moja, zikanaswa mbili. Ya pili ilikuwa na jina lake kama mtumaji, kwenda kwa mama yake: "Mama, niko mlangoni." Hakuiandika yeye.

Mara umeme ukakatika, na mlango unaofunguliwa kwa kadi ukagoma kufunguka. Aliugonga gizani mpaka viganja vikawaka moto. Akampigia mama yake simu.

"Mama, nimefungiwa ofisini!"

"Acha utani wako, mwanangu. Na usigonge hivyo, nakuja kukufungulia."

Kwenye simu akasikia komeo la mlango wa nyumbani kwa mama yake likivutwa.